Samaki na vibanzi: Fahari ya Waingereza iliyotoka kwa wageni

MTU akiulizwa ataje chakula kinachomtambulisha Mwingereza, huenda akataja samaki na vibanzi: mnofu wa samaki uliochovywa katika rojo la unga wa ngano, ukakaangwa ndani ya mafuta mengi na kuandaliwa pamoja na viazi vya kukaanga, chumvi na siki.

Hata hivyo, ukichunguza asili ya mlo huo utabaini kwamba sehemu zake zote mbili zilitoka ng'ambo.

Kumpaka samaki unga na kumkaanga kulikuwa desturi ya Wayahudi wa Uhispania na Ureno. Mwaka wa 1492 Wayahudi walifukuzwa Uhispania, na miaka mitano baadaye wenzao wa Ureno wakalazimishwa kubatizwa. Wengi walitoroka, na kuanzia 1656 baadhi yao wakaanza kuishi London waziwazi.

Kwa kuwa dini yao huwakataza kupika siku ya Sabato, walimkaanga samaki Ijumaa kabla ya jua kutua, wakamla baridi kesho yake. Kufikia miaka ya 1830, samaki wa kukaanga alikuwa akiuzwa katika vichochoro vya London, na mwandishi Charles Dickens anamtaja katika riwaya yake ya Oliver Twist.

Kiazi nacho asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na kilifika Ulaya katika karne ya 16. Kuhusu vibanzi, Wafaransa na Wabelgiji wangali wanazozana kuhusu nani aliyevibuni.

Je, nani aliyeviunganisha viwili hivyo? Wapo wanaomtaja Joseph Malin, Myahudi aliyefungua duka mashariki mwa London yapata mwaka wa 1860. Watu wa kaskazini humtaja John Lees, aliyeuza mlo huo sokoni Mossley, karibu na Manchester, mnamo 1863.

Mlo huo ulienea kutokana na mapinduzi ya viwanda. Meli za uvuvi zilizoendeshwa kwa mvuke zilileta samaki kwa wingi, nayo magari ya moshi yakawafikisha katika miji ya bara wangali wabichi. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wake kwa waume, wakapata chakula moto cha bei nafuu baada ya zamu ndefu. Kufikia 1910, maduka hayo yalikuwa zaidi ya 25,000.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nyama, sukari na siagi viligawanywa kwa vipimo, lakini serikali haikuthubutu kuwawekea wananchi kipimo cha samaki na vibanzi.

Hata leo, Uingereza hutegemea mataifa mengine ili kuupata mlo huu. Baada ya kuzozana na Iceland mara tatu kuhusu uvuvi, mwaka wa 1976 ilikubali kuheshimu eneo la maili 200 za baharini la taifa hilo. Tangu hapo, sehemu kubwa ya samaki aina ya cod huagizwa kutoka nje. Nayo Urusi ilipovamia Ukraine mnamo 2022, bei za samaki na mafuta ya alizeti zilipanda, na wenye maduka wakaumia.

Waingereza wanapojadili nani apokewe nchini mwao na nani arudishwe alikotoka, mlo waupendao una jibu ambalo wahenga wetu walilitoa kitambo: mgeni njoo, mwenyeji apone.