Ngozi bandia kwa mtoto aliyeungua: Mzazi ajue nini?

Mtoto amevuta sufuria ya uji jikoni, ukammwagikia kifuani na mkononi. Hospitalini daktari anakwambia jeraha limekwenda chini sana, huenda akahitaji ngozi bandia. Unajiuliza: itakaaje mwilini mwa mwanangu?

Ngozi ina matabaka mawili makuu. La juu huota upya, ndiyo maana malengelenge madogo mara nyingi hupona bila kovu. La chini likiungua lote halijirudishi. Mwili huziba pengo kwa kovu gumu, ambalo linaweza kukunja kiwiko, shingo au vidole kadiri mtoto anavyokua.

Kwa kawaida daktari huchukua ngozi nyembamba kutoka sehemu isiyoungua, mara nyingi pajani, na kuipandikiza kwenye jeraha. Eneo lililoungua likiwa kubwa, ngozi hiyo haitoshi. Hapo ndipo ngozi bandia husaidia.

Mojawapo ilibuniwa Marekani na daktari John Burke na mwanasayansi Ioannis Yannas, ikaidhinishwa huko mwaka 1996. Sehemu ya chini imetengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe na kiambata kutoka gegedu la papa. Juu kuna utando wa silikoni unaozuia maji ya mwili kupotea na vijidudu kuingia. Mishipa ya damu ya mtoto huota taratibu ndani ya sehemu ya chini. Baada ya wiki mbili hadi tatu, silikoni huondolewa na kupandikizwa ngozi nyembamba sana ya mtoto mwenyewe.

Kwa hiyo usishangae ukiambiwa kuna upasuaji wa pili. Ndiyo hatua ya kumalizia. Muulize daktari mapema kuhusu gharama, kwani si ndogo, na kama kuna njia nyingine inayofaa. Ukiona usaha, harufu mbaya au homa, mwambie muuguzi mara moja, kwani maambukizi huweza kuharibu kazi yote. Jeraha likipona, usiache mazoezi ya viungo.

Lakini tiba huanzia nyumbani. Mtoto akiungua, mmwagie maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, tumia kikombe. Usimpake dawa ya meno, unga wala yai, na usimwekee barafu. Funika kwa kitambaa safi, kisha mwahishe hospitali. Maji hayo hupunguza kina cha jeraha, na kina ndicho kinachoamua kama atahitaji kupandikizwa ngozi.