Kikaratasi cha Bibi

Nilipokuwa na umri kama wenu, kazi yangu ya jioni ilikuwa kutumwa dukani. Bibi aliniandikia kikaratasi: sukari nusu kilo, mafuta ya taa chupa moja, kiberiti. Nilifika, nikanyoosha mkono juu ya kaunta, mwenye duka akasoma, akapima, akafunga, akaandika kwenye daftari lake la madeni. Sikuulizwa neno. Kikaratasi kilisema yote.

Siku moja nikiwa njiani kurudi, nilikuta wenzangu wanacheza mpira, nikauweka mfuko pembeni na kuingia mchezoni. Bibi akangoja, akangoja. Akadhani kikaratasi kimenipotea, akaandika kingine vilevile na kumpa dada yangu, aliyepita njia ya nyuma. Usiku ule nyumbani kulikuwa na kilo nzima ya sukari, na kwenye daftari deni limeandikwa mara mbili. Likumbukeni kosa hilo, tutalirudia.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1994, karibu na mji wa Seattle, Jeff Bezos alianzisha kampuni ya Amazon kwenye gereji ya nyumba yake, na mwezi Julai 1995 ikafungua duka la vitabu kwenye intaneti. Mwanzoni kompyuta ilipiga kengele kila kitabu kilipouzwa. Punde oda zikawa nyingi, kengele ikazimwa. Vitabu walivifunga kwa mikono, wamepiga magoti juu ya sakafu ya saruji. Bezos mwenyewe amesimulia kwamba alimwambia mwenzake, tunahitaji vitambaa vya kukinga magoti. Mwenzake akamjibu: tunahitaji meza. Kesho yake wakanunua meza.

Naipenda hadithi hiyo kwa sababu inaonyesha uuzaji wenyewe ulivyo. Kubonyeza kitufe cha kununua ni sekunde moja. Kazi inaanzia pale: kitu kitafutwe, kifungwe, kibandikwe anwani, kitoke, kifike. Mgongo wa mtu ndio unaouma.

Miaka ikapita, kampuni ikajenga maghala makubwa. Mwaka 2006 ikawaambia wauzaji wengine: leteni bidhaa zenu hapa, tutawatunzia na kuwatumia wateja wenu. Na mwaka 2008 ikafungua mlango usio na mtu wala kaunta, mlango ambapo kompyuta ya muuzaji inaongea moja kwa moja na kompyuta ya ghala.

Tuseme kuna mama anayetengeneza mishumaa huko Ohio. Amepeleka makatoni yake ghalani, kisha akarudi zake nyumbani. Usiku amelala, mtu wa Texas ananunua mishumaa miwili kwenye tovuti ya yule mama. Tovuti inaandika kikaratasi yenyewe: mpelekeeni fulani, anwani hii, mishumaa ya aina hii, miwili, kwa usafiri wa kawaida. Ghala linajibu: nimepokea. Baadaye linajibu tena: mzigo umetoka, namba ya kuufuatilia ni hii. Mama anaamka asubuhi anakuta kazi imekwisha.

Ila intaneti nayo hupitiwa njiani, kama mimi siku ile. Kikaratasi kinafika, lakini jibu la "nimepokea" linapotea. Kompyuta ya mama inangoja, haisikii kitu, inatuma tena. Kama ghala lingekuwa kama mwenye duka wetu, mtu wa Texas angepata mishumaa minne. Ndiyo maana kila oda hupewa namba yake, na kikaratasi kikirudiwa, namba haibadiliki. Ghala likiiona mara ya pili linasema: hii ninayo tayari, na halitoi kitu kingine. Laiti Bibi angeweka namba juu ya kikaratasi chake! Dada angeambiwa dukani, mwenzako ameshapita.

Na ndani ya ghala kukoje? Mngetarajia vitabu upande huu na sabuni upande ule, kama dukani. Sivyo. Mpokeaji huweka kitu popote penye nafasi, mswaki karibu na mpira, mpira karibu na kamusi. Kwa macho ni fujo. Lakini kabla hajakiweka, anakipiga taa ya skana, kisha anaipiga sehemu ya rafu, na kompyuta inaandika: mswaki huu upo hapa. Tena mchanganyiko huo una faida yake. Anayekuja kuchukua mswaki hawezi kuuchanganya na mpira, ila mishumaa myekundu na ya waridi ikipangwa pamoja, mkono huchukua usichotakiwa.

Kinachosomwa na skana ni msimbopau, ile mistari myeusi. Ilianza kuwazwa ufukweni Miami, Norman Joseph Woodland alipokuwa akichora mchangani nukta na vistari vya simu ya maandishi, kisha akavivuta kwa vidole vikawa mistari mirefu. Yeye na rafiki yake Bernard Silver walipata hataza mwaka 1952, lakini bidhaa ya kwanza kupita kwenye kaunta kwa msimbo wa aina tuitumiayo leo ilikuwa pakiti ya jojo, mjini Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974.

Chukueni pakiti yoyote jikoni yenye tarakimu 13. Ikianza na 620, kampuni imesajili namba yake Tanzania; 616 ni Kenya. Tarakimu ya mwisho ni mlinzi. Tuijaribu namba niliyoitunga mimi: 6201234567893. Acheni ile 3 ya mwisho. Jumlisheni ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo hadi ya kumi na moja: 26. Jumlisheni zilizobaki: 27, zidisheni kwa tatu, 81. Pamoja ni 107. Ili tufike 110 inatakiwa 3, nayo ndiyo iliyokaa mwisho. Tarakimu moja tu ikisomwa vibaya, hesabu inakataa.

Zamani mchukuaji alitembea kutwa nzima kati ya rafu. Mwaka 2012 Amazon iliinunua kampuni ya Kiva, iliyotengeneza roboti fupi za rangi ya machungwa. Roboti inaingia chini ya rafu, inainyanyua na kuipeleka mpaka aliposimama mfanyakazi, ikifuata alama zilizobandikwa sakafuni. Mtu hatembei tena sana, lakini rafu hazimwachi apumzike, na wafanyakazi wengi wa maghala ya Marekani wamelalamikia kasi hiyo. Nawaunga mkono. Aliyedai meza badala ya vitambaa vya magoti alidai jambo lile lile.

Boksi likishafungwa hupita juu ya mizani. Kompyuta inajua mishumaa miwili ina uzito gani. Mizani ikisema vingine, boksi linasukumwa pembeni, mtu alifungue aone.

Na kuna mahali ambapo hesabu ikikosewa ni hatari zaidi. Huku kwetu Afrika, tangu 2016, kampuni ya Zipline inatuma damu kwa ndege ndogo zisizo na rubani kutoka Muhanga, Rwanda. Hospitali inaagiza kwa simu, damu inafungwa, ndege inarushwa, kifurushi kinashuka kwa mwavuli. Pale, daftari la kompyuta likisema zipo chupa mbili za kundi fulani, ni lazima ziwepo mbili kwenye jokofu.

Kwa maana kompyuta haioni rafu, inaona daftari. Kitu kikianguka nyuma, kikivunjika, kikiwekwa bila kupigwa skana, yenyewe inaendelea kukiuza. Kwa hiyo kila siku ghalani wapo watu wa kuhesabu. Mmoja anasimama mbele ya sehemu yake, skana mkononi, anainama, anasogeza mpira, anasogeza kamusi. Kioo kinamuuliza: mishumaa mingapi? Anahesabu kwa kidole. Anahesabu tena. Anaandika 0. Na Ohio, kwenye tovuti ya mama ambaye amelala tena, kitufe cha kununua kinazimika.