Jogoo Mweusi Kwa Chupa ya Waini Si Urembo, Hii Ndio Maana Yake

Wasee, ukipatana na chupa ya waini nyekundu imeandikwa Chianti Classico na iko na jogoo mweusi shingoni, jua huyo jogoo ana kazi. Ni muhuri. Bila yeye, hiyo si Chianti Classico.

Inatoka wapi?

Toscana, Italia, kwa vilima vilivyo kati ya Florence na Siena. Mtawala wa huko, Cosimo III de' Medici, alichora mipaka ya Chianti 1716. Lakini 1932 serikali ikapanua jina hadi maeneo ya mbali, ndio wenye mtaa wa kwanza wakabaki na hiyo "Classico" kujitofautisha.

Sheria ni gani?

Angalau asilimia 80 lazima iwe zabibu inaitwa Sangiovese. Hiyo 20 inayobaki ni zabibu zingine nyekundu, kama Canaiolo ya hapo hapo ama Merlot ya kutoka nje. Chianti ya kawaida imelegezewa, Sangiovese ikifika asilimia 70 iko sawa.

Halafu kuna kungoja. Classico hukaa miezi 12 kabla iuzwe, Riserva 24, na Gran Selezione 30. Hiyo ya mwisho lazima itoke kwa zabibu za shamba la mwenyewe, hakuna kununua kwa jirani.

Sasa hapa ndio kuna risto

Sheria ya 1967 ililazimisha watu kuchanganya zabibu nyeupe ndani ya waini nyekundu, angalau asilimia 10. Waini ikawa nyepesi, haina nguvu. Familia ya Antinori ikakataa. Waini yao ya Tignanello ikatoka kwa hiyo sheria 1971, na kufika 1975 zabibu nyeupe zilikuwa zimetolewa kabisa. Adhabu? Wakanyimwa jina la Chianti, chupa ikaandikwa "waini ya mezani", daraja la chini kabisa. Kumbe watu walionja wakaipenda, na bei ikapita hata ya wale walifuata sheria!

Mwishowe sheria ndio ilisalimu amri. Kuanzia mavuno ya 2006, zabibu nyeupe zimepigwa marufuku kwa Chianti Classico.

So ukienda kubuy, usidanganywe na neno Chianti peke yake. Angalia shingo kwanza. Jogoo yuko ama hayuko?