Masika yasikunyime kuiona Nairobi

APRILI inapotimu, wengi walionuia kulizuru jiji la Nairobi huahirisha safari. Hawana kosa. Masika huzijaza barabara madimbwi, vilima vya Ngong humezwa na mawingu, na nauli za matatu hupanda mara tu matone ya kwanza yadondokapo.

Lakini likizo ya shule huangukia papo hapo, na mzazi aliyewaahidi wanawe ziara hawezi kuwaambia wasubiri hadi Juni. Dawa ni kuupanga mchana upya. Aghalabu mvua kubwa za Nairobi hunyesha alasiri na usiku. Basi asubuhi iwe ya kutembea, na mawingu yakianza kutanda, wageni wawe karibu na paa.

Mapaa yenyewe si haba. Katika Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, limehifadhiwa behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, aliuawa na simba kituoni Kima mnamo Juni 1900. Ryall alikuwa amekesha humo akimvizia mla-watu huyo. Usingizi ukamshinda, simba akaingia na kumburuta nje kupitia dirishani. Mtoto aliyesimama kando ya behewa hilo hakumbuki tena kwamba viatu vyake vimelowa. Injini kuukuu za garimoshi, hata hivyo, zimeegeshwa uani, kwa hivyo heri zitazamwe kwanza kabla hakujanyesha.

Kutoka hapo hadi Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, barabara ya Moi Avenue, ni mwendo mfupi wa miguu. Wapitao nje ni maelfu, waingiao ni wachache, ilhali ndani mmesheheni sanaa za Kiafrika zilizokusanywa na Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka wa 1966. Makumbusho ya Kitaifa nayo yana hazina ya mabaki ya binadamu wa kale, ukiwemo ugunduzi wa "Mvulana wa Turkana", aliyefukuliwa Nariokotome mwaka wa 1984 na aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.5 iliyopita.

Koti la mvua lafaa kuliko mwavuli, ambao katika msongamano wa River Road hutishia macho ya watu. Maji yaendayo kasi yasivukwe kamwe, yawe ya kifundoni. Mafuriko ya 2024 yaliwaua watu jijini humu. Na anayelala nje ya jiji aelekee kituoni kabla ya saa kumi jioni, foleni za magari hazijafunga barabara.