Kwa nini tangi la maji hupasuka upande wa chini?

Vikundi vingi huchanga pesa kwa miaka kadhaa ndipo vipate tangi moja la simiti la maji ya mvua. Likipasuka, si maji peke yake yamepotea. Kwa hivyo ni vizuri kila mwanakikundi, si fundi tu, aelewe maji yanafanya nini huko ndani.

Maji hayakai tu sakafuni. Yanasukuma ukuta pande zote, na kadiri unavyoshuka ndivyo yanavyozidi kusukuma. Kwenye kina cha mita 1, kila mita moja ya mraba ya ukuta inasukumwa kwa uzito wa tani 1 hivi. Kwenye mita 2, tani 2. Kule juu karibu na kifuniko ukuta hauna kazi kubwa.

Tuseme tangi letu ni la duara, upana mita 3, kina cha maji mita 2. Hilo linabeba lita 14,000 hivi. Sasa fikiria umelipasua katikati kutoka juu mpaka chini, kama kibuyu. Maji yanataka kuzitenga hizo nusu mbili. Angalia ukanda mmoja tu wa ukuta pale chini, wenye kimo cha sentimita 10. Mita 3 mara mita 0.1 mara tani 2, unapata kilo 600. Zinashikwa na ukuta wa huku na wa huku, kwa hivyo kila upande unavutwa kwa kilo 300. Hiyo ni zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 90, kwenye ukanda wa upana wa kiganja! Mvuto huo unazunguka tangi kama mshipi kiunoni, na ndiyo sababu ufa wake husimama wima.

Simiti ukiikandamiza ni hodari, lakini ukiivuta inakatika upesi. Anayebeba mvuto ni waya. Fundi akiwaambia atapunguza waya na kuongeza plasta, msikubali. Mizunguko ya waya ikaribiane sana chini, iachane kidogo kidogo kuelekea juu. Na ikazwe: waya uliolegea hauanzi kazi mpaka plasta iwe imeshapata nyufa.

Jambo lingine ni upana. Mkichukua mpango wa tangi la mita 3 mkajenga la mita 6, kimo kilekile, maji yatakuwa mara nne na mvuto mara mbili. Basi hata waya uwe mara mbili kwa kila ukanda.

Pale ukuta unapokutana na sakafu, ukuta unataka kutanuka na sakafu inaushika, kwa hivyo unapindwa. Wavu utoke sakafuni upande ukutani bila kukatwa, na kona ijazwe plasta nene.

Kamati ije kukagua siku ya kufunga waya. Plasta ikishapigwa hakuna kitakachoonekana.