Puli ya Injini Iliyolegea: Kutambua Chanzo na Kutengeneza

Ukimaliza kusoma sehemu hii uweze:
(a) kueleza kazi ya puli ya kranki katika injini ya gari;
(b) kutofautisha dalili ya kasoro na chanzo chake;
(c) kutumia kanuni za momenti, msuguano na uwiano wa kasi kueleza utengenezaji wake.

Kisa cha kuanzia

Ndani ya miezi mitatu nilinunua mikanda miwili ya injini na betri moja mpya kwa ajili ya gari langu la zamani. Kila mara taa ya betri ilizima kwa siku chache, kisha ikawaka tena. Siku moja nikiwa na familia yangu njiani kutoka Morogoro kwenda Iringa, taa iliwaka karibu na Ruaha Mbuyuni na usukani ukawa mzito ghafla. Mbele yetu kulikuwa na Mlima Kitonga, wenye kona kali na malori mengi. Nilisimama. Fundi mmoja wa pale alifungua boneti, akatazama kwa muda, akasema: "Mwalimu, usinunue mkanda mwingine. Zima gari kwanza."

Tatizo halikuwa betri wala mkanda. Puli kubwa ya chini ilikuwa imelegea. Nilikuwa nimetibu dalili mara tatu bila kugusa chanzo. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa njia hiyo hiyo: swali linaomba chanzo, wao wanaandika dalili.

Kazi ya puli ya kranki

Pistoni huzungusha shafti ya kranki. Mwisho wa shafti hiyo hufungwa puli ya kranki, nayo huvuta mkanda unaozungusha alteneta, pampu ya usukani na, katika baadhi ya magari, pampu ya maji. Mkanda ukiteleza au kuruka, betri haichajiwi, usukani huwa mzito, na pale ambapo pampu ya maji hutegemea mkanda huo, injini huchemka.

Kasi ya puli mbili zilizounganishwa kwa mkanda hutegemea vipenyo vyake. Tuseme puli ya kranki ina kipenyo cha sm 15 na ya alteneta sm 6. Uwiano ni 15 ÷ 6 = 2.5. Kranki ikizunguka mara 800 kwa dakika, alteneta huzunguka mara 800 × 2.5 = 2,000 kwa dakika, iwapo mkanda hautelezi. Puli inayoyumba huondoa mkanda kwenye mstari wake. Mkanda hupiga kelele, huchanika kingo na kuteleza, na alteneta hupata mizunguko pungufu.

Nini hasa huishikilia puli?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kati ya shafti na puli huwa na kipande kidogo cha chuma kinachokaa ndani ya mfereji. Katika somo hili tutakiita pini. Wengi hudhani pini ndiyo inayobeba nguvu yote. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kuiweka puli mahali pake sahihi. Kinachoishikilia ni boliti ya katikati. Boliti ikikazwa hunyooka kidogo sana, kama springi, na kuibana puli kwa nguvu kubwa. Mbano huo huleta msuguano, na msuguano ndio unaozuia puli kuteleza juu ya shafti.

Mbano ukipungua, mzigo wote huiangukia pini. Injini ya mapigo manne yenye silinda nne hupata misukumo miwili kwa kila mzunguko wa kranki. Kwa mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni misukumo 1,600. Kila msukumo huigonga pini, na taratibu pini hulika na mfereji hupanuka. Ndiyo maana ukiikaza tu boliti iliyokaa muda mrefu ikiwa imelegea, kasoro inaweza kurudi.

Hatua za uchunguzi

1. *Tazama injini ikiwa imezimwa.* Tafuta vumbi la rangi ya kutu kuzunguka boliti, kingo za mkanda zilizochanika, na mikwaruzo kwenye kifuniko kilicho nyuma ya puli.

2. *Tazama na usikilize injini ikiwaka, ukiwa mbali na mkanda.* Puli inayoyumba huonekana kwa macho. Inaweza pia kugonga kwa sauti inayofanana na ya injini iliyokufa ndani. Weka mbali tai, kanga, nywele ndefu na mikono.

3. *Pima umeme.* Betri nzima iliyojaa huonyesha karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka, kipimo hupanda kufikia karibu volti 14. Kisipopanda, betri haichajiwi, hivyo kununua betri mpya hakutatatua tatizo.

4. *Tikisa puli kwa mkono.* Zima injini, toa ufunguo, tenganisha waya hasi wa betri, kisha ondoa mkanda. Puli yote ikicheza juu ya shafti, boliti imelegea au pini imelika.

5. *Chora mstari wa chaki.* Puli nyingi zina kitovu na ringi ya nje, na kati yake kuna mpira. Chora mstari mmoja unaovuka vyote viwili, rudisha mkanda, washa injini kidogo, zima, kisha tazama. Mistari ikiachana, mpira umeachia. Kukaza boliti hakutasaidia, puli ibadilishwe.

Hatua za kutengeneza

Toa boliti na puli, kisha safisha na kukagua pini, mifereji yote miwili, tundu la puli na nyuzi za boliti. Pini iliyolika ibadilishwe. Mfereji wa puli ukipanuka, badilisha puli. Mfereji wa shafti ukipanuka, kazi ni ya fundi mashine, au shafti yenyewe ibadilishwe. Kujazia bati la kopo la soda si matengenezo. Katika baadhi ya injini boliti hiyo hiyo hubana pia gia ya mkanda wa taiming. Gia ikihama, valvu hufunguka wakati usio wake, na katika injini nyingine pistoni huzigonga.

Mwisho, kaza boliti kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha gari, na kama kitabu kinataka boliti mpya, weka mpya. Tuseme kipimo ni Nm 150.

Momenti = kani × umbali

Kwa spana ya m 0.25: kani = 150 ÷ 0.25 = N 600
Kwa spana ya m 0.5: kani = 150 ÷ 0.5 = N 300

N 600 ni sawa na uzito wa mtu wa kilo 60. Sasa utaelewa kilichonipata. Miezi kadhaa kabla ya safari ile, puli yangu ilifunguliwa ili kubadilisha mkanda wa taiming, ikarudishwa kwa spana fupi na mkono mmoja. Ilionekana imekaza, lakini haikuwa na mbano wa kutosha.

Bahati nzuri mfereji wa shafti ulikuwa mzima. Pini mpya ililetwa kesho yake kutoka Iringa, boliti ikakazwa kwa spana yenye kipimo, nasi tukapanda Kitonga.

Maswali ya kujipima

1. Puli ya kranki ina kipenyo cha sm 16 na ya alteneta sm 8. Kranki inazunguka mara 900 kwa dakika. Tafuta kasi ya alteneta.
2. Boliti inahitaji Nm 120. Tafuta kani inayohitajika kwenye spana ya m 0.4.
3. Dereva amebadilisha betri mara mbili, lakini taa ya betri bado inawaka. Taja uchunguzi mmoja ambao angeufanya kwanza, na ueleze sababu.

Majibu

1. Mizunguko 1,800 kwa dakika.
2. N 300.
3. Angepima volti injini ikiwaka. Zisipopanda, kasoro iko kwenye uchajiji, yaani alteneta, nyaya, mkanda au puli, na betri mpya nayo itaisha.