Kijana Aliyewakataa Walimu Wote

Sikilizeni, wanangu. Ni usiku katika nyumba ya Brahmini mmoja, mtu wa tabaka la makuhani, huko Bara Hindi, zama za Buddha, na kijana amesimama chumbani, mikono ameikunja kifuani. Anaitwa Siddhartha. Jioni alimwambia baba yake kwamba anataka kuondoka nyumbani awafuate Wasamana, watawa wa msituni wanaofunga, wanaolala chini na kula wanachopewa. Baba akakataa. Hakugomba, maana si desturi ya Brahmini kutoa maneno ya hasira, ila alisema ombi hilo asilisikie mara ya pili, akaenda kulala.

Usingizi ukamkataa. Akachungulia dirishani: kijana yuko palepale. Akarudi kitandani, akaamka tena, akachungulia tena. Nyota zimehama, kijana hajahama. Alfajiri alipoingia chumbani aliyaona magoti ya mwanawe yakitetemeka kidogo, lakini usoni hakuona dalili yoyote ya kutikisika. Hapo akatambua kwamba mtoto huyu ameshakwenda zake. Kilichobaki nyumbani ni mwili tu. Akampa ruhusa, na akamwomba kwamba akiipata heri huko msituni, arudi amfundishe na yeye.

Hivyo ndivyo Hermann Hesse alivyoianza riwaya yake Siddhartha, iliyotoka kwa Kijerumani mwaka 1922. Wanaoisifu huusifu mto uliomo ndani yake, na mto huo unastahili sifa. Lakini mimi nawaomba msimsahau mzee yule aliyekesha akichungulia.

Siddhartha aliondoka na rafiki yake Govinda. Kwa Wasamana alijifunza kufunga, kusubiri, kuituliza pumzi mpaka mapigo ya moyo yakawa machache. Miaka ikapita, na kiu ya roho yake haikukatika. Akaona kwamba hata mzee kuliko wote pale msituni ataufikia mwisho wa umri wake akiwa bado anafunga na kutafakari, bila kuifikia nuru. Wakaondoka.

Wakaenda Savatthi, kwenye bustani ya Jetavana, kumsikiliza Gotama Buddha. Hapa wasomaji wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo shikeni hili: Buddha wa historia anajulikana kwa majina yote mawili, Siddhartha Gautama, au Gotama. Hesse aliyagawa. Buddha akabaki na Gotama, na kijana wetu akapewa Siddhartha. Ni watu wawili, nao wanakutana uso kwa uso.

Govinda alisikiliza mahubiri mara moja, akajiunga na watawa wa Buddha. Siddhartha hakujiunga. Asubuhi yake alimkuta Buddha akitembea bustanini, akaomba ruhusa ya kusema naye. Akamwambia kwa heshima kwamba hana shaka naye hata kidogo, kwamba anaamini ameifikia nuru kweli. Ila aliifikia kwa kutembea njia yake mwenyewe, na yaliyompata saa ile ya kuzinduka hakuna maneno yanayoweza kumkabidhi mtu mwingine. Buddha hakukasirika. Alimwonya tu ajihadhari na werevu uliopita kiasi, kisha akaenda zake.

Mimi naona onyo lile lilikuwa la haki. Kijana alikuwa amesema kweli, lakini ndani ya ile kweli kulikuwa na kiburi, na kiburi hicho kilimgharimu miaka mingi. Alivuka mto, akaingia mjini. Akafundishwa mapenzi na Kamala, mrembo aliyeishi kwa fedha za matajiri, na biashara na Kamaswami. Mwanzoni aliwatazama watu wa mjini kutoka juu. Akawaona wanalia na kucheka kwa ajili ya fedha na watoto na ugomvi wa majirani, akawahesabu kuwa ni watoto wadogo katika miili ya watu wazima. Kisha na yeye akazama: mvinyo, kamari ya dadu, uchoyo. Usiku mmoja akaota kwamba ndege wa Kamala, aliyekuwa akiimba katika kizimba cha dhahabu, amekufa. Akaacha nyumba na mali, akaondoka bila kuaga. Hakujua kwamba Kamala ana mimba yake.

Alifika kwenye mto uleule akitaka kujitosa afe. Neno takatifu la utoto wake, Om, likapanda kutoka ndani yake, likamzuia. Akabaki pale, akaishi na mvushaji mzee aitwaye Vasudeva, mtu wa maneno machache, aliyemfundisha kuvusha abiria na kuusikiliza mto.

Wengi wangeumalizia hapo utafutaji wa roho: mzee mpole, maji, ukimya. Hesse hakuumalizia hapo, na ndiyo sababu naipenda riwaya hii.

Kamala alipokuwa akisafiri kwenda kumwona Buddha aliyekuwa karibu kufa, aliumwa na nyoka karibu na kivuko. Akafia mbele ya Siddhartha, akamwachia mtoto wa kiume wa miaka 11. Mtoto huyo alizoea kitanda laini na watumishi. Chakula cha wazee alikisusa, kazi alizikataa, bakuli zao za wali akazivunja. Siddhartha, aliyewahi kumjibu Buddha bila woga, hakuwa na la kumjibu mtoto huyu. Alimbembeleza tu. Vasudeva alimkumbusha taratibu: wewe Siddhartha, nani aliweza kukuzuia usiende kuyaonja yako? Hakutaka kusikia. Siku moja alimwagiza mwanawe kuni, na mtoto akafoka kwamba anamchukia, kwamba heri awe jambazi kuliko kuwa kama yeye. Kesho yake hayupo, na vijisenti vya nauli havipo, na mtumbwi unaonekana ng'ambo.

Siddhartha alimfuata mpaka kwenye bustani iliyokuwa ya Kamala. Hapo miguu ikakataa. Akaketi mavumbini mpaka Vasudeva alipomfuata akamrudisha.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tangu siku ile aliwatazama abiria wake kwa jicho jingine. Mama aliyepanda na mtoto mgongoni, baba anayejisifia mwanawe mmoja: wale aliowaita watoto, sasa akawaona ndugu zake. Na siku alipovuka akitaka tena kwenda kumtafuta mwanawe, aliinama juu ya maji akauona uso wake, nao unafanana na uso wa baba yake. Ndipo alipomkumbuka mzee aliyekesha dirishani, ambaye yeye alimwacha na hakurudi kwake hata mara moja. Akayasikia maji yakimcheka. Alimweleza Vasudeva kila kitu, wakaketi kusikiliza, na safari hii sauti zote za mto, za kilio na za kicheko, zikaungana zikawa Om. Huko ndiko kuangaziwa kwake. Sura zile za msituni na za Jetavana zilimtayarisha, lakini mlango ulifunguliwa na mtoto aliyemtukana.

Hesse hakuyabuni haya akiwa mbali nayo. Alizaliwa mwaka 1877 huko Calw, Ujerumani, katika ukoo wa wamisionari. Babu yake mzaa mama, Hermann Gundert, alitunga kamusi ya Kimalayalam, lugha ya kusini mwa India, kama mmisionari Ludwig Krapf, aliyetoka pande zilezile za Württemberg, alivyotunga ya Kiswahili. Wazazi walimtaka Hesse awe mchungaji. Mwaka 1892 akatoroka seminari ya Maulbronn. Na alipoanza kuandika Siddhartha alikuwa anaishi peke yake Montagnola, Uswisi. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, baba yake alikwishafariki, na wanawe watatu walikuwa wakilelewa mbali naye. Sehemu ya kwanza ilimjia vizuri. Ilipofika zamu ya kumwonyesha mtu aliyeshinda, alikwama zaidi ya mwaka mmoja, ndipo akairudia. Mwaka 1946 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Riwaya yenyewe ni fupi, sura 12 tu. Ya mwana ni ya 10. Mkiifikia msikimbilie mwisho. Isomeni mara mbili, kisha mwulizeni mzazi mmojawapo aliona nini siku mlipomwambia mnataka kuondoka.